Shali ya Dakta Penhale

Visanduku vilikuwa kumi na vinne. Naitaja idadi hiyo kwanza kwa sababu mtu aliyeviangamiza aliandika baadaye kwamba vilikuwa "vichache". Vilikuwa visanduku vya viatu, vimejaa kadi zilizokatwa kwa mkasi kwa kipimo kimoja. Kila kadi ilibeba neno moja la Kiswahili, sentensi niliyoisikia kutoka kinywani mwa mtu aliye hai, jina la mtu huyo, mahali alipoisema na tarehe. Nilianza kazi hiyo nikiwa mwalimu kijana katika shule ya misheni huko Ukambani, ambako tulifunzwa kuandika kwa wino, kwa mwandiko ulionyooka, na kutofuta. Niliiendeleza katika chuo kikuu kimoja cha hapa Sydney, ambako nilifundisha Kiswahili kwa miaka kumi na mmoja.

Mkuu wa idara yetu alikuwa Dakta Alistair Penhale, mtu wa sauti ya upole na viatu visivyotoa mlio. Mwaka wa kumi na mmoja aliniita ofisini, akanikaribisha kiti, akaniambia kwamba somo la Kiswahili litafungwa.

"Wanafunzi ni wachache, Muema," alisema. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniita Mwalimu, wala Bwana.

"Kuna wakfu wa marehemu Bibi Hargreave," nilimjibu. "Aliuacha kwa ajili ya Kiswahili, wanafunzi wawe wengi au wachache."

"Usome mkataba wa wakfu huo," alisema huku akitabasamu. "Kifungu cha tisa."

Nilikwenda kukisoma. Kilisema kwamba wakfu utatumika kwa ufundishaji wa Kiswahili, "au kwa masomo mengine yoyote ambayo Chuo kitaona yanakaribiana nayo". Kabla ya mwaka kwisha, wakfu wa yule mama, mjane wa mmishenari aliyezika watoto wawili Kitui, ulikuwa umegeuka ukumbi wa vioo wenye meza ndefu na mashine ya kahawa.

Hilo pengine ningelisamehe. Lakini mwezi wa Julai, siku ya mvua na baridi kali, Omollo alinipigia simu. Omollo alikuwa mfagizi katika jengo letu, mtu wa Siaya, na alinizoea.

"Mwalimu, njoo upesi. Vitu vyako viko ndani ya jalala la chuma huku nyuma, na mvua inavipiga."

Nilipanda treni kutoka Lidcombe, mtaa ninaoishi. Nilipofika nilimkuta Omollo amesimama ndani ya jalala hadi magotini, akipekua. Kisanduku kimoja tu kilikuwa kimepona, kwa kuwa kilifunikwa na kiti kilichovunjika. Vingine kumi na vitatu vilikuwa uji. Wino wa bluu ulikuwa ukitiririka kutoka pembe ya jalala hadi kwenye lami. Omollo, mtu mzima mwenye wajukuu, alilia. Mimi sikulia. Wiki iliyofuata nilipokea barua yenye sahihi ya Penhale: "Vifaa vichache vilivyosalia ofisini mwako havikuwa na thamani ya kitaaluma, navyo vimeondolewa ili kupisha samani mpya." Niliikunja, nikaiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo.

Tangu siku hiyo nilimwekea Dakta Penhale kisasi. Nasema wazi, kwa maana nimechoka kuwasikia wazee wenzangu wa kanisa wakitangaza kwamba wamesamehe huku meno yao yameumana. Kila asubuhi nilisali sala ya Bwana, na kila nilipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, nilinyamaza, kisha nikaendelea na sentensi inayofuata. Nilinyamaza hapo kwa miaka kumi na minane.

Katika miaka hiyo nilifungua darasa la Kiswahili la Jumamosi katika shule moja ya msingi hapa Lidcombe. Wanafunzi wangu ni watoto tisa, wengi wao wa Kikongo, wanaoelewa kila ninalosema na kunijibu kwa Kiingereza. Msaidizi wangu ni Marie-Jeanne wa Bukavu, ambaye siku tano hupanga mizigo katika ghala la mtaa wa Liverpool, hapahapa Sydney, na siku ya sita huwanyoosha watoto hao kwa jicho tu. Sisi tuna chumba kimoja. Vyumba vingine vyote ni vya shule ya Kitamil.

Mkuu wa shule hiyo ni Bibi Pushpavathi, mwalimu mstaafu wa hisabati kutoka Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka. Ni mwanamke mfupi, mwenye sari za pamba zilizopigwa pasi hadi zikawa na makali, na hana subira na mtu anayechelewa. Kwao mwalimu mwanamume huitwa Masta. Basi akaniita Masta Muema, nami nikamwita Mwalimu. Saa ya mapumziko tulikunywa chai pamoja katika jiko la shule. Aliwahi kunieleza jinsi maktaba ya mji wake ilivyoteketezwa kwa moto mwaka 1981, na jinsi asubuhi alivyokung'uta majivu ya karatasi kutoka kwenye nguo alizokuwa ameanika. Sikumweleza habari za kadi zangu. Mbele ya msiba wa namna ile niliona haya kutaja visanduku vya viatu.

Bibi Pushpavathi alikuwa na jambo moja alilotaka kulitimiza kabla ya kufa: kiti cha uprofesa wa Kitamil katika chuo kikuu. Kwa miaka sita jamii yake ilichanga fedha za wakfu. Wauguzi walichanga, madereva wa mabasi walichanga, wajane waliuza vitafunio nje ya hekalu. Walitaka profesa mmoja wa kudumu, wa kufundisha na kuitafiti lugha ambayo imeandikwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na ambaye hataondolewa siku watakapokufa wale walioileta huku. Pamoja na wakfu, yeye mwenyewe angekabidhi sanduku la chuma lenye miswada ya kale iliyochorwa juu ya majani makavu ya mti wa mvumo, urithi wa babu yake, lililovuka vita kwa kubebwa kichwani.

Jumamosi moja aliniwekea bahasha nene karibu na kikombe.

"Rasimu ya mkataba," alisema. "Mpwa wangu ni wakili, amesema ni nzuri. Lakini mpwa wangu husoma kama anavyokula, harakaharaka. Wewe umesomeshwa na wamishenari, Masta. Wewe unasoma hata nukta."

Niliisoma nyumbani, mezani, nikiwa nimevaa miwani. Chuo kilikuwa kilekile. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba atakayetia sahihi kwa niaba ya Chuo ni Naibu Makamu wa Chansela, Profesa Alistair Penhale. Nilifunua hadi kifungu cha tisa. Hawakujisumbua hata kubadilisha maneno. Mahali palipokuwa pameandikwa Kiswahili, sasa paliandikwa Kitamil. Baada ya hapo, "au kwa masomo mengine yoyote ambayo Chuo kitaona yanakaribiana nayo".

Mtu mwadilifu angeinua simu wakati uleule. Mimi nilivua miwani, nikaifuta, na nikajikuta nimejawa na furaha ambayo sikuwahi kuionja tangu siku ya ndoa yangu.

Jumamosi iliyofuata aliniuliza, "Je?"

"Kiingereza chake ni safi," nilimjibu.

"Na huyu Penhale? Ulifundisha huko. Unamfahamu?"

"Nilifanya kazi chini yake."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Ni mtu mpole," nilisema, na nikanywa chai.

Kilichonipa nafasi yangu kilitoka chuoni kwenyewe. Binti mmoja wa ofisi yao ya matangazo aliandika kumwuliza Bibi Pushpavathi kama, katika hafla ya kutia sahihi, yule mzee wa Kiafrika anayeonekana katika picha za shule angeweza kushiriki. Ingependeza, alisema, jamii mbalimbali zikionekana pamoja.

"Wanataka rangi katika picha zao," Bibi Pushpavathi alisema, akicheka hadi mabega yakatikisika. "Basi tutawapa. Wewe utamvika Penhale shali. Kwetu mgeni wa heshima huvikwa shali ya hariri, na anayemvika ndiye anayewaambia watu sababu ya heshima hiyo."

"Anaposema, anaweza kukatizwa?"

"Hakatizwi. Hata akichosha. Mjomba wangu aliwahi kutuweka dakika arobaini na chakula kikapoa."

"Nitamvika," nilisema.

Nilimweleza Marie-Jeanne peke yake. Alikuwa akipanga viti.

"Ni ule ule mutu wa visanduku?" aliuliza.

"Ni yeye."

"Na wewe utamuvalisha shali?"

"Nitamvika."

"Papa Mwalimu! Mimi nilizania wewe ni mukristo."

"Mimi ni Mkristo."

Alicheka hadi akashika ukuta. "Basi umutwange muzuri, mbele ya watu wote. Mutu kama ule haogope Mungu, anaogopa tu foto." Kisha akanitazama. "Lakini Mama Pushpa unamuambia mbele, ama?"

"Atasikia pamoja na wengine."

Aliacha kucheka, akaweka kiti chini. "Aa, papa. Hapo hapana. Ule mama ni rafiki yako. Umuambie leo."

"Nikimwambia leo, watakisahihisha kifungu kile kimyakimya, kwa barua mbili. Penhale ataomba radhi kwa sauti yake ya upole, atavaa shali yake, na atapigiwa makofi."

"Na hiyo ni mubaya?"

Aliendelea kupanga viti, na siku hiyo hakunitania tena.

Hafla ilifanyika Jumapili mchana katika ukumbi wa harusi karibu na kituo cha treni. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Nilivaa suti nyeusi niliyozikia mke wangu. Mfuko wa kushoto ulikuwa na barua ya Penhale. Mfuko wa kulia ulikuwa na kadi moja kutoka kisanduku kile kilichopona. Shali ilikuwa mbele yangu juu ya sinia ya shaba, ya hariri, rangi ya dhahabu iliyoiva. Utaratibu ulikuwa umechapishwa: kuwasha taa, wimbo wa watoto, shali, hotuba, sahihi, chakula. Niliusoma mara tatu. Shali ilikuja kabla ya sahihi, na mpango wangu wote ulisimama juu ya jambo hilo.

Penhale aliingia akiwa amenenepa na nywele zimekuwa nyeupe. Walimleta kwangu ili tupigwe picha. Aliushika mkono wangu kwa mikono miwili.

"Nafurahi sana kukufahamu," alisema. "Unatoka nchi gani?"

"Kenya."

"Aa, nchi nzuri! Zamani nilikuwa na mtu wa Kenya katika idara yangu."

"Ndiyo?" nilisema.

"Jamaa mkimya kabisa," alisema, na akageuka kutazama kamera.

Taa ikawashwa. Watoto wakaimba. Nilikuwa nimekwisha kushika sinia wakati msimamizi wa sherehe aliposogea kwenye kipaza sauti. Profesa Penhale, alisema, ana ndege ya kuwahi. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya wote, sahihi zitatangulia na shali itafuata.

Mkataba ulikuwa tayari mezani, kalamu kando yake. Bibi Pushpavathi alivaa miwani, akainama, na akaandika jina lake lote, taratibu, kwa herufi za kwao na kisha kwa herufi za Kiingereza. Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja karibu nami alikuwa akilia kwa furaha. Bibi Pushpavathi akageuza karatasi na kumsogezea Penhale kalamu.

Miaka sita ya watu hawa, na sanduku la babu yake, vilikuwa chini ya kalamu ile, na mimi ndiye niliyeviacha vifike hapo.

Umri wangu ni miaka sabini na tisa. Sijui nilivyopanda jukwaa lile. Najua kwamba sinia ilianguka na kulia kama kengele, na kwamba Penhale alipoinua uso kutazama mlio huo nilikuwa nyuma yake. Nikamtupia shali mabegani, nikaizungusha mbele, na nikashika ncha zake mbili kwa mkono mmoja kifuani pake. Mkono wake wa kulia ulibaki ndani ya hariri, umeshika kalamu, na haukuweza kuifikia karatasi.

Alicheka kwanza. Kamera zilimulika. Nikavuta kipaza sauti.

"Nimepewa heshima ya kumvika mgeni huyu," nilisema. "Desturi ya nyumba hii ni kwamba anayevika husema sababu, wala hakatizwi. Nitasema."

Bibi Pushpavathi alinitazama kwa mshangao, lakini alikunja mikono na kukaa kimya, kama desturi ilivyodai.

"Miaka kumi na minane iliyopita palikuwa na wakfu kama huu wenu, wa kufundisha lugha yangu. Mjane aliuacha. Mtu huyu aliutumia kujenga ukumbi wa kunywea kahawa. Nilikuwa na visanduku kumi na vinne vya kadi, maneno ya watu ambao wengi wao leo ni marehemu. Mtu huyu aliamuru vitupwe jalalani, siku ya mvua." Niliisoma barua yake, neno kwa neno, hadi mwisho, pamoja na tarehe. Kisha niliinama karibu na sikio lake, lakini kipaza sauti kilikuwa kati yetu. "Hii ni sahihi yako?"

Alinitazama. Niliona uso wangu ukimrudia akilini kidogo kidogo.

"Muema," alisema. "Hapa si mahali pake."

"Amenikumbuka," niliwaambia watu. "Nusu saa iliyopita aliniuliza ninatoka nchi gani. Nauliza tena: hii ni sahihi yako?"

"Nilifuata utaratibu wa wakati ule. Niachie mkono, tafadhali."

"Ulijua kadi zile zilikuwa kitu gani?"

Ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa namna yake peke yake angeweza kulifanya katika ukumbi ule. Alitabasamu, akawageukia watu kama anayeomba msaada dhidi ya mzee aliyepungukiwa na akili, na akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Jamani, zilikuwa karatasi kuukuu tu."

Hakuna aliyepiga kelele. Sauti iliyopita ukumbini ilikuwa ya pumzi, watu mia nne wakivuta pumzi kwa pamoja. Katika safu ya mbele waliketi wazee ambao walikuwa wameyaona majivu ya maktaba ya Jaffna kwa macho yao. Mmoja wao, aliyekuwa na fimbo, alisimama polepole, akaugeuza kiti chake, na akaketi tena akiwa amelielekezea jukwaa mgongo. Aliyekuwa karibu naye akafanya vivyo hivyo. Baada ya muda mfupi safu nzima ilikuwa imegeuka, na nilisikia miguu ya viti ikikwaruza sakafu hadi nyuma kabisa.

Nakiri kwamba niliusikia mkwaruzo ule kama muziki. Niliuhisi moyo wa Penhale ukipiga chini ya ngumi yangu, kupitia hariri, na sikutaka kuziachia zile ncha.

"Sasa kifungu cha tisa," nilisema. "Kisomwe."

Bibi Pushpavathi aliuvuta mkataba. Alisoma kifungu kile kwa Kiingereza, kisha kwa Kitamil, na aliposoma mara ya pili sauti yake ilikuwa kavu. Aliinuka. Alikuja mbele ya Penhale, akaifungua ngumi yangu kidole kwa kidole, na akaitoa shali ile mabegani mwa mgeni. Nimekwisha kuuliza watu wengi tangu siku hiyo: hakuna hata mmoja aliyewahi kuona shali ikivuliwa. Aliikunja mara nne. Akatwaa na kalamu kutoka mkononi mwa Penhale, akaitia kifuniko, akauweka mkataba ndani ya mkoba wake.

"Hakuna sahihi leo," alisema. "Chakula kiko tayari."

Penhale alishuka bila mwenyeji wa kumsindikiza, akipita kati ya viti vilivyompa mgongo. Binti wa matangazo alimfuata akiwa amekumbatia kamera. Pale nje, niliambiwa, alisubiri teksi kwa dakika ishirini katika jua, na wapishi waliokuwa wakibeba sufuria walimpita wakiingia na kutoka, bila mmoja wao kumkaribisha hata maji. Nilimwomba Marie-Jeanne anisimulie sehemu hiyo mara mbili.

Jumamosi iliyofuata niliingia jikoni saa ya mapumziko. Kikombe changu hakikuwepo mezani. Bibi Pushpavathi alikuwa amesimama.

"Ulikijua kifungu kile tangu lini?"

"Tangu siku uliponipa bahasha."

"Wiki tatu."

"Wiki tatu."

"Nilikuuliza ni mtu wa namna gani. Ukaniambia mpole."

"Ndivyo nilivyosema."

"Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi, Masta. Mkono wangu ulikuwa umeshaandika." Aliunyoosha mkono huo kati yetu, kana kwamba bado una wino. "Kama ungekuwa umejikwaa kwenye ngazi? Kama moyo wako ungesimama, kwa umri wako? Ungekuwa umeliweka sanduku la babu yangu katika jalala hilohilo."

"Nilifika kwa wakati."

"Ulifika kwa bahati." Alivuta pumzi. "Ungeniambia ile Jumamosi ya kwanza, ningekiondoa kifungu na kumwondoa yeye pia, na wazee wangu wasingelazimika kusikia tena, kabla ya kufa, mtu akiita maandishi ya watu karatasi kuukuu. Lakini wewe ulimtaka jukwaani. Ulikitumia kiti changu kumchapia mtu wako."

"Alistahili kuchapwa."

"Alistahili," alisema. "Sikusema hakustahili. Nina swali moja tu. Visanduku vimerudi?"

Kengele ya watoto ikalia, naye akaenda darasani kwake.

Mambo yaliyofuata yalichukua miezi mitano. Picha za safu zile za migongo zilisambaa. Hazikuwa za aina ambayo chuo kilizitaka. Penhale aliondolewa katika mazungumzo, kisha ikatangazwa kwamba anastaafu mapema ili awe karibu na familia. Mkataba mpya uliandikwa na Bibi Pushpavathi mwenyewe, na mpwa wake alilazimishwa kuusoma kwa sauti mbele ya kamati, kila nukta. Kifungu cha tisa sasa kinasema kwamba wakfu ni wa Kitamil peke yake, milele, na kwamba hakuna karatasi wala jani la miswada ile litakaloondolewa bila sahihi za wazee wawili wa jamii. Kiti kimepatikana. Profesa ni mwanamke kijana kutoka Chennai, na wanafunzi wake wa kwanza ni kumi na wanne. Idadi hiyo haikunichekesha.

Siku ya mhadhara wake wa kwanza chuoni nilipata mwaliko uliochapishwa, kama ule walioupata watu wote. Niliketi safu ya mwisho. Bibi Pushpavathi aliwashukuru wachangiaji, wapishi, walimu na wazee. Jina langu halikutajwa, wala sikutarajia litajwe. Mwishoni walimvika profesa mpya shali ya hariri ya rangi ya dhahabu iliyoiva. Niliitambua kwa zile alama nne za mikunjo.

Kabla ya kuondoka nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwenye ofisi za wakubwa. Nilitaka kuona. Mlango wa Penhale ulikuwa umefungwa, na kibao chenye jina lake kilikuwa kimeng'olewa. Ukutani yalibaki matundu mawili ya skrubu na mstatili wa rangi safi, mahali ambapo vumbi halikuwahi kufika. Nilitia kidole katika tundu la kwanza, kisha katika la pili. Vumbi la chokaa lilibaki ukuchani. Nilisimama hapo kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye adabu anavyopaswa kusimama mbele ya mlango wa mwingine, na nilikuwa na furaha.

Nilipanda treni kurudi Lidcombe. Nyumbani nilikitoa kile kisanduku kimoja, nikairudisha ndani yake kadi niliyokuwa nimeibeba mfukoni siku ya hafla na ambayo, katika ghasia ile, sikuitumia. Kilijaa barabara. Pembeni yake kwenye rafu pana nafasi ya visanduku kumi na vitatu. Sijawahi kuweka kitu hapo.

Asubuhi iliyofuata nilipiga magoti kama kawaida, nikaanza kusali. Nilipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, nilinyamaza, kisha nikaendelea na sentensi inayofuata.